Binti yangu ana miaka 19 na leseni mpya: gari gani, na bima kubwa au ndogo?

MamaG wa Goba

Habari za jioni wadau. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana nikiuliza kwa ufupi nitajibiwa "chukua IST" na kwaheri.

Nina binti wa miaka 19, yuko mwaka wa kwanza Mlimani, anasoma masomo ya maabara. Tunaishi Goba. Leseni yake ya daraja D, ya gari dogo, kaipata mwaka huu baada ya kukaa darasani na kuzungushwa barabarani na mwalimu, si zile za kuletewa nyumbani kwenye bahasha. Mchana anaendesha vizuri, hata mimi nikikaa pembeni nasinzia. Usiku bado sijamwamini, na mvua ya masika hajaiona akiwa kwenye usukani.

Mimi ni muuguzi. Nikiwa zamu ya usiku hakuna wa kumfuata. Maabara zinaisha jioni, akifika Mwenge daladala za Goba zimejaa mpaka konda ananing'inia, anaishia kwenye bodaboda. Hiyo bodaboda ndiyo iliyonileta hapa. Nimepokea vijana wengi sana wa bodaboda wodini, sitaki kusimulia. Afadhali awe ndani ya bati lake na mkanda kifuani kuliko kushuka mteremko wa Makongo saa mbili usiku mgongoni kwa mtu ambaye hata jina hamjui.

Sasa ushauri wa familia. Baba yake yuko Geita kikazi, na kwa simu kila mtu ni mtaalamu. Ameona IST ya mwaka 2004 mtandaoni, namba D (usajili unaoanza na herufi D), milioni tisa na nusu, anasema tukate bima ndogo mtoto ajifunzie humo, ikikwaruzwa haiumi. Kaka yangu anauza Subaru Forester yake, ile ya tabo, kwa bei ya undugu, anasema gari zito ndilo salama. Binti mwenyewe moyo wake uko kwenye Crown. Hilo tumeshaliongea na limeisha.

Mfuko wangu ni milioni 15, na kila kitu kinatoka humo: gari, kubadilisha kadi ya gari iwe na jina langu, bima, matairi kama yamekwisha. Mkopo sitaki.

Ninachotaka kujua hasa ni huu upande wa bima. Kazini kuna mwenzangu, kijana wake aligonga, kampuni ikamlipa pungufu kwa sababu ya umri wa dereva, na yeye anasema alikuwa na bima kubwa kabisa. Hilo linawezekanaje? Nikikata bima kwa jina langu halafu anaendesha yeye, iko sawa? Na kweli kuna maana ya kulipia bima kubwa gari la milioni tisa?

Mzee wa Kazi

Miaka 19 gari ya nini? Sisi tulitembea kwa miguu kutoka Ubungo hadi Mlimani na tukamaliza digrii.

MamaG wa Goba

Mkuu, mimi kwa miaka 19 nilikuwa nimeshaanza kuchoma watu sindano. Ubungo ile uliyotembea wewe siku hizi ina madaraja ya juu. Tuendelee.

Fundi Kibamba

Mama G, Forester ya tabo mwachie kaka yako, na udugu wenu ubaki salama. Si gari baya. Ila ile mashine inataka oili nzuri kwa wakati, inataka fundi anayeijua, na ikianza kuvuja kwenye gasketi hutapata wa kuishika kila kona. Halafu ukiikanyaga inaitika. Dereva mpya anatakiwa apewe gari linalofikiri kwanza kabla ya kuondoka. Kaka yako kwenye uzito hajadanganya: gari zito likigongana na dogo, wa kwenye dogo ndiye anayeumia zaidi. Lakini ajali nyingi za hawa watoto ninazoziona gerejini si za kugongana na lori. Ni kurudi nyuma akapiga nguzo, ni kuchelewa breki kwenye foleni, ni bodaboda aliyepita kushoto wakati mtoto anakata kona. Kwa mambo hayo uzito haukusaidii kitu, breki na macho ndiyo yanasaidia.

IST ni gari nzuri, sina neno nayo. Spea zake unazipata hadi dukani kwa Mangi. Lakini zile za kwanza zilitoka kiwandani kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hiyo ya baba G ina zaidi ya miaka 20 na huijui ilipopita. Ukienda kuiangalia fanya hivi.

Fungua switchi bila kupiga stata. Kwenye dashibodi itawaka taa nyekundu ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, hiyo ndiyo ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Iwake sekunde chache, izime yenyewe. Isipozima kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, hapo ndipo uogope zaidi, maana kuna mtu kaitoa balbu makusudi usiulize maswali. Na kuna wajanja zaidi: wanaiunga kwenye waya wa taa ya betri, kwa hiyo inawaka vizuri, halafu ukipiga stata inazima pamoja na ya betri. Wewe uiangalie kabla ya stata. Ikiwa inasubiri injini iwake ndipo izime, mshukuru muuzaji uondoke. Nilishafungua kava ya stelingi ya gari moja namba C, ndani hakuna eabegi, kuna kipande cha sponji ya godoro kimekatwa vizuri kwa wembe, kava imerudishwa juu yake na gundi. Mwenye gari alikuwa anampeleka mtoto shule na gari hilo kila siku.

Mkanda nao uvute taratibu mpaka mwisho kabisa. Angalia ile sehemu ya mwisho ambayo huwa haitoki: ikiwa na mstari wa tope au ukungu, gari hilo limezama kwenye maji, na Dar hii kila masika yanazama mengi. Harufu ya kapeti wanaiondoa kwa kuosha, mkanda wanausahau. Kisha uachie urudi, uukwapue kwa ghafla. Lazima ukabe.

Boneti: angalia nati zinazoishika. Rangi ikiwa imechubuka kwenye pembe za nati, spana imepita hapo, uliza kwa nini. Matairi yana namba nne kwenye kijiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usinunue gari kwa sababu "matairi bado yana meno". Tairi la miaka minane lina meno na halishiki lami ikinyesha.

Kama mfuko unaruhusu, sogea kwenye Vitz zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2010, au gari jingine dogo la miaka hiyo. Ukifungua switchi utafute na taa yenye picha ya gari linaloserereka. Ikiwepo, gari lina mfumo wa kulishika lisikuponyoke kwenye utelezi. Kwa mtoto ambaye hajaiona masika, mimi ningeitafuta hiyo taa kabla ya kutafuta redio. Injini ya lita moja ina pistoni tatu, ikisimama inatetemeka kidogo, usiogope, ndivyo ilivyo.

Wakala Tegeta

Nauza bima, kwa hiyo nisomeni mkijua hivyo. Kampuni sitaitaja.

Mama G, kwanza sheria. Kwa gari dogo umri ni miaka 18, kwa hiyo binti yako yuko halali. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ni lazima kwa kila gari linalotembea barabarani. Kwa gari binafsi bei yake ya kawaida ni laki moja, na VAT ya asilimia 18 juu yake, jumla 118,000 kwa mwaka. Inalipa ulichomfanyia mwenzako, kwa mipaka iliyoandikwa humo. Binti akimgonga mwenye V8, huyo wa V8 atalipwa. IST yenu mtaikokota wenyewe.

Bima kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe, kwa gari binafsi tunapiga asilimia 3.5 ya thamani. Chukua gari la milioni 12: hapo ni 420,000, ongeza VAT 75,600, unapata 495,600. Tofauti na bima ndogo ni 377,600 kwa mwaka. Katikati iko ile ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, watu huisahau.

Sasa hili la mwenzako wa kazini. Hakuibiwa, isipokuwa hakuna aliyemsomea karatasi. Kila bima kubwa ina kitu tunakiita eksesi, ni sehemu ya hasara unayobeba wewe kabla kampuni haijatia mkono mfukoni. Mara nyingi ni asilimia fulani ya hasara, na chini yake kuna kiasi ambacho haishuki. Halafu ndani, kwenye maandishi madogo, kuna eksesi ya ziada kwa dereva kijana au dereva mgeni. Wengine wameandika chini ya miaka 21, wengine 25, wengine hawajali umri, wanaangalia leseni ina muda gani. Inajumlishwa juu ya ile ya kawaida. Mfano tu: gari limeumia, matengenezo milioni mbili. Eksesi ya kawaida asilimia 10, laki mbili. Ya dereva kijana asilimia 10 nyingine, laki mbili tena. Utapokea milioni moja na laki sita, na utasema umeibiwa.

Kwa hiyo ukienda kwa wakala usiulize "bei gani". Bei tunafanana karibu wote. Uliza eksesi ya dereva wa miaka 19 mwenye leseni ya mwaka huu ni ngapi, na akuonyeshe mstari wenyewe kwenye karatasi, si kwa mdomo. Hapo ndipo kampuni zinapoachana sana.

Kukata kwa jina lako hakuna shida ikiwa kadi ya gari ina jina lako. Shida inaanza kwenye fomu. Kuna swali la nani ataendesha. Watu wanaandika mzazi wa miaka 48 mwenye leseni ya miaka 20, halafu gari linalala chuo. Siku ya ajali polisi wanaandika jina la aliyekuwa kwenye usukani, kampuni inalinganisha na fomu, na hapo wana haki ya kukataa kwa kuwa uliwaficha. Mwandike binti kwa jina lake na namba ya leseni yake. Haikuongezei kiasi cha kukutisha.

Na usimruhusu mtu amshawishi gari liingie Bolt wikiendi "lijilipie mafuta". Ukikata bima ya matumizi binafsi halafu likabeba abiria wa kulipa, bima hiyo haipo.

Kuhusu IST ya 2004: baadhi ya kampuni haziweki bima kubwa kwenye gari lililopita umri fulani, nyingine zinataka kulikagua kwanza. Usinunue kwanza ndipo uulize. Piga simu ukiwa na mwaka wa gari mkononi.

MamaG wa Goba

Wakala asante, hili la mstari wa eksesi ndilo nililokuwa nalitafuta. Swali: nikisema gari lina thamani ya milioni sita badala ya 12 ili asilimia ipungue, nani atajua? Siulizi kwa nia mbaya, ndivyo shemeji yangu anavyofanya.

Wakala Tegeta

Shemeji yako atajua siku ya kudai. Ukikata nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara. Hasara ya milioni mbili inakuwa milioni moja, na eksesi inatoka humohumo. Na usipandishe pia. Ukiandika milioni 20 kwa gari la 12, likiibiwa utalipwa bei ya soko ya siku hiyo, ile nyongeza umeichangia kampuni.

Jambo jingine nililosahau. Ukishalipa, usiridhike na karatasi. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, stika yako ionekane humo na tarehe zake. Isipoonekana, fedha yako haijafika inakotakiwa, haijalishi wakala ana tai nzuri kiasi gani.

Nassor wa Kisauni

Salaam mama. Mimi niko Mombasa, kwetu mambo yanafanana japo hesabu ni tofauti. Huku gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo hizo IST kongwe tunaziona kwa waliozinunua zamani tu. Kijana wangu nilimpa Demio.

Nilitaka kuongeza moja juu ya maneno ya huyo wakala. Kijana aliparuza mlango kwenye foleni ya feri Likoni, gari la mbele lilirudi nyuma naye akajaribu kulikwepa. Nikaenda kwa bima nimevaa shati zuri. Nikaambiwa gharama ya fundi ni ndogo kuliko kile kiasi ninachopaswa kubeba mwenyewe, kwa hivyo hakuna dai. Na walikuwa na haki yao, imeandikwa. Basi mama ujue, mikwaruzo midogo ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya mfuko wako, hata ukiwa na bima kubwa. Bima kubwa ni ya siku gari limepinduka au limeibiwa. Ukilielewa hilo hutagombana na mtu.

Dogo wa Hall Saba

Shikamoo mama G. Naomba niseme kwa niaba ya binti ingawa hajanituma. Mimi nina miaka 20, naendesha Passo ya nyumbani tangu nimalize form six.

Chuo ukijulikana una gari umekwisha. Ijumaa saa kumi na mbili utashangaa una marafiki ambao hukuwahi kukaa nao lekcha. Gari la watu watano wanaingia saba, mmoja anashika redio, mwingine anakwambia "mpite huyo mzee". Peke yangu naendesha vizuri, nikiwa nao naendesha kama wao wanavyotaka. Kwa hiyo kama unamwekea sheria, ya kwanza iwe ya abiria, si ya spidi. Na mwache aseme mwenye sheria mbaya ni wewe: "mama kakataa". Sisi tunaipenda sana sentensi hiyo, inatuokoa bila kuaibika.

Passo yenyewe haina shida, ila kiyoyozi ukiwasha kwenye mlima inaomba msamaha.

MamaG wa Goba

Marahaba mwanangu. Hiyo sentensi nimempa ruhusa aitumie bila kikomo.

Fundi Kibamba

Dogo kaongea. Mama, kabla hujalipa popote weka pia namba ya gari kwenye ule mfumo wa polisi wa madeni ya trafiki. Kosa moja ni elfu 30, na kuna magari yanauzwa na deni la kununulia pikipiki. Muuzaji alimalize yeye.

MamaG wa Goba

Narudi na mrejesho, kwa wale mnaopenda kujua mwisho wake.

IST ya baba G tulienda kuiona Kimara Korogwe, mimi, binti, na fundi wa mtaani kwetu. Nje inang'aa, imepulizwa. Binti ndiye aliyefungua switchi, nilishamsomesha andiko la Fundi Kibamba kabla. Taa ya betri ikawaka, ya oili ikawaka, ya yule mtu na duara haikuwaka. Akamuuliza dalali kwa heshima zote, "Kaka, ya eabegi iko wapi?" Dalali akasema toleo hilo halina. Binti akaweka kidole katikati ya stelingi penye maandishi SRS, alama ya eabegi, hakusema kitu. Fundi wetu akaanza kucheka peke yake. Nikampigia baba yake video akiwa Geita ili aone mwenyewe, na tangu siku hiyo hajatuma tena picha ya gari.

Hata hivyo kampuni ya kwanza niliyoipigia walisema gari la 2004 bima kubwa hawaweki. Ya pili walikubali kwa ukaguzi. Kwa hiyo wakala alikuwa sahihi, ningenunua kwanza ningeweza kubaki na bima ndogo nipende nisipende.

Tumepata Vitz ya 2012, lita moja, namba D, kwa mwalimu mmoja wa Kibaha aliyepata uhamisho. Milioni 11 na laki nane baada ya kubishana sana, yeye akitaka 12 na nusu. Mkanda msafi mpaka mwisho. Taa ya kuserereka ipo, iliwaka na kuzima. Matairi mawili yalikuwa ya 2016, yana meno mazuri tu, nikayakataa, tumefunga manne mapya. Deni la trafiki lilikuwepo, makosa mawili ya spidi ya hamsini, mwalimu akalipa palepale kwa simu huku akiona aibu.

Kadi nimebadilisha kwanza, bima ikafuata. Wakala wa kwanza alitaka nikate bima kadi ikiwa bado na jina la mwalimu, "tutarekebisha baadaye mama". Nikamwambia nitarudi baadaye hiyohiyo. Nilikokata nimelipa asilimia 3.5, ni 413,000, na VAT 74,340, jumla 487,340. Jina la binti na namba ya leseni yake vipo kwenye fomu. Mstari wa eksesi ya dereva kijana nimeusoma mwenyewe nikiwa nimevaa miwani: chini ya miaka 21 au leseni chini ya miaka miwili. Maana yake hata akitimiza 21 kabla leseni haijafika miaka miwili, bado itamhusu. Nilimuuliza mhudumu ni "au" au ni "na", akaenda kumuuliza bosi wake. Ni "au".

Kilichobaki kwenye milioni 15 sijakigusa. Nimekiweka kwenye laini yangu ya pili, ile isiyokopesheka, jina nimeandika Eksesi. Nassor wa Kisauni asante, bila wewe ningekinunulia makochi.

Sheria zetu ni chache. Abiria mmoja, na awe wa njia yake. Baada ya saa mbili usiku haliendeshwi mpaka nitakapokuwa nimekaa naye usiku wa kutosha mwenyewe, maabara ikichelewa anapaki palepale chuoni analala kwa shangazi yake Survey. Mvua kubwa ikimkuta njiani anaingia sheli anasubiri, na hakuna atakayemuuliza kwa nini amechelewa. Simu inakaa kwenye buti. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonunisha watu, Crown haikununisha hivyo.

Swali langu la mwisho: saiti mira, vile vioo vya pembeni. Jirani yangu ameibiwa zote mbili akiwa kanisani. Kuandika namba ya gari kwenye vioo kunasaidia kweli, au nifunge zile nati za kuchomelea?

Fundi Kibamba

Fanya vyote viwili. Namba ichorwe kwenye kioo chenyewe na kwenye kava ya plastiki, herufi kubwa, iwe mbaya kuitazama. Mwizi anataka kitu cha kuuza, kioo chenye namba ya mtu duka zuri hawachukui. Nati za kuchomelea zinamchelewesha tu, ila kumchelewesha ndiko unakolipia. Waambie wachore na taa za nyuma na switchi za vioo vya milango, kwenye Vitz wezi wanapenda kuzing'oa hizo pia. Usichorewe barabarani na vijana wa foleni, peleka sehemu wenye mashine, na usimame hapo hapo mpaka wamalize.

Wakala Tegeta

Na uwaulize wa bima kama vioo vya pembeni vimo. Mara nyingi kioo cha mbele na redio vina kikomo chake cha malipo, saiti mira huandikwa ukiomba. Kama hazimo ziongezwe sasa, kabla ya Jumapili.

MamaG wa Goba

Hazimo. Nimewapigia sasa hivi. Kesho asubuhi nikitoka zamu napitia.